Sensa ya pasturaiza: maabara inasema inasoma chini, kiwandani inasoma juu. Niamini kipi?

#1 Rwizi_Pt100
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa vipimo kwenye kiwanda kidogo cha maziwa huku upande wa Mbarara. Tuna pasturaiza ya mtiririko, yaani mtambo wa kupasha maziwa ili kuua vijidudu: maziwa yanatakiwa yafike nyuzi 72 na yakae hapo sekunde 15 ndani ya bomba la kushikilia joto. Mwisho wa bomba hilo kuna Pt100 ya waya tatu (sensa ya joto ya platini, ukinzani wake ni omu 100 kwenye sifuri na unapanda joto likipanda), kipenyo milimita 6. Sehemu inayoingia ndani ni milimita 40 tu, maana bomba lenyewe ni la inchi mbili.

Mwezi uliopita tuliifungua tukaipeleka maabara moja Kampala. Cheti kikarudi na namba hizi: kwenye 50 inasoma chini kwa 0.8, kwenye 72 chini kwa 1.5, kwenye 90 chini kwa 2.0. Nikatii cheti. Nikaingia kwenye transmita, kile kifaa kinachogeuza usomaji wa sensa kuwa namba ya skrini, nikaongeza 1.5, nikairudisha mahali pake.

Kuna kitundu cha ukaguzi sentimita chache kutoka hapo. Jana nikachomeka kipimajoto changu cha mkononi, nacho kina cheti chake. Skrini inasema 72.0, cha mkononi kinasema 70.4. Nimerudia mara tatu, jibu lilelile.

Maziwa haya yanakwenda kwa watoto wa watu. Kama cha mkononi ndicho cha kweli, tangu sensa irudi tumekuwa tukipitisha maziwa chini ya kiwango huku skrini ikitupa moyo. Kwa sasa nimepandisha seti hadi 75 ili nipate usingizi, lakini hilo si jibu. Nani amewahi kupitia hili?

#2 FundiBoila
Mbona rahisi mkuu. Chemsha maji kwenye sufuria, tumbukiza vyote viwili. Kitakachosoma 100 ndicho cha kweli.

#3 ChaiYaToro
#2 hapo utampoteza mwenzako. Maji yanachemka 100 kwenye usawa wa bahari, na Uganda hakuna pahali penye usawa wa bahari. Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu. Kampala maji yanachemka karibu 96. Mbarara, kwenye mita 1,400 hivi, ni karibu 95. Ukipanda Kabale unakuta 93 na kitu. Na hata hapo hapo namba inasogea kidogo kadiri mgandamizo wa hewa unavyobadilika. Sisi huku kwenye chai tulishaliacha jambo hilo. Kama huna baromita, maji yanayochemka si rejea.

#4 FundiBoila
Asante kwa kunisahihisha. Imeniuma kidogo, maana mwaka juzi nilitupa vipimajoto viwili kwa sababu vilikuwa vinasoma 96. Nilikuwa Jinja. Kumbe vilikuwa vizima.

#5 MezaYaMaabara
Mleta uzi, mimi nafanya kazi maabara (si hiyo uliyopeleka, nimeulizia kimyakimya na rekodi zetu hazina sensa hiyo). Namba zako zimenishtua kwa sababu nimeziona mara nyingi.

Swali la kwanza: cheti kinasema sensa ilizamishwa kina gani, na ndani ya nini? Kama waliitia kwenye draibloku, yaani lile tofali la chuma lenye matundu linalopashwa kwa umeme, basi hapo ndipo pa kuchimba. Kanuni ya mezani ni kuzamisha angalau mara 15 ya kipenyo, halafu uongeze urefu wa elementi yenyewe, ile sehemu ya platini inayohisi joto. Kwa milimita 6 hiyo ni 90 na zaidi. Yako ina 40. Kichwa chake na ile sahani ya kufungia viko nje, vimekaa kwenye hewa ya chumba, vinanyonya joto kutoka kwenye ncha. Ncha haifiki joto la tofali hata ukingoja hadi kesho. Kwa hiyo inasoma chini, na mtu anaandika kwamba sensa ina kosa, kumbe kosa ni la namna ilivyowekwa.

Angalia hili sasa. Chora zile namba tatu kwenye karatasi: 50 na 0.8, 72 na 1.5, 90 na 2.0. Pitisha mstari. Unakata sifuri karibu na nyuzi 23. Nyuzi 23 ni nini? Ni joto la kawaida la chumba cha maabara. Sensa yenye ugonjwa wake wa ndani haijui joto la chumba. Kosa linalofifia kuelekea joto la chumba ni alama ya joto linalovuja kupitia shina.

Kama ni hivyo, sensa yako haikuwa na tatizo lolote. Ulipoongeza 1.5 kwenye transmita ndipo ulipoleta kosa. Ndani ya maziwa yanayokwenda kasi, joto linaingia kwenye ncha haraka kuliko ndani ya tundu lenye hewa pembeni, kwa hiyo uvujaji ni mdogo sana. Skrini yako sasa inazidi kwa karibu 1.5, nawe umepima 1.6.

#6 Malaba_Mpakani
Mezaya, umeeleza vizuri. Ila naomba niongeze jingine: sensa ilisafiri vipi? Basi la usiku? Niliwahi kutuma Pt100 nne Nairobi ndani ya boksi la viatu, kwenye buti la basi. Mbili zilirudi zimehama. Ndani ya ile elementi ya waya kuna platini nyembamba kuliko unywele, ikipigwa na mashimo ya barabara inapata mkazo, na ukinzani unapanda. Tangu siku hiyo nabeba mapajani. Inawezekana maabara ilipima sawa kabisa, halafu sensa ikaharibika ikirudi.

#7 Mwanafunzi_Umeme
Samahanini wakubwa, mimi bado nasoma. Nilifundishwa Pt100 ya klasi A (daraja la usahihi) haiwezi kukosea zaidi ya 0.15. Sasa 1.5 inatoka wapi? Ni mara kumi!

#8 DadaVipimo
#7 ile 0.15 ni kwenye sifuri tu mdogo wangu. Klasi A ni 0.15 ongeza 0.002 mara joto lenyewe. Kwenye 72 inakuwa karibu 0.29. Klasi B ni 0.3 ongeza 0.005 mara joto, kwenye 72 ni 0.66. Na hizo ni ahadi za elementi ikitoka kiwandani kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa IEC 60751. Waya, transmita na namna ilivyofungwa havimo humo. Lakini mshangao wako ni wa haki: 1.5 ni kubwa mno kwa sensa nzima, na ndiyo maana Mezaya haamini kwamba ni ya sensa.

#9 Kiwira
Mimi nasema ni unyevu. Pasturaiza inaoshwa kila siku kwa maji na kemikali, maji yameingia kwenye kichwa cha sensa. Unyevu ukishaingia, sensa inasoma juu. Nimeona mara nyingi.

#10 DadaVipimo
Hapana kaka, kinyume chake. Unyevu unafungua njia ya pembeni kati ya waya na waya, au kati ya waya na ganda. Ni kama kuweka ukinzani mwingine sambamba na elementi. Jumla inashuka, kwa hiyo Pt100 inasoma chini. Ukiona yako inasoma juu, tafuta ukinzani ulioongezeka: skrubu iliyolegea, terminali yenye kutu, waya mmoja mrefu kuliko wenzake.

Hesabu ndogo. Kwenye 72, Pt100 inatoa omu 127.84. Nyuzi moja hapo ni omu 0.38 hivi. Kwa hiyo nyuzi 1.6 ni omu 0.6 tu! Terminali moja chafu inaweza kukupa hiyo. Waya tatu inafuta ukinzani wa kebo pale tu waya zote zinapolingana. Kutu ikikaa kwenye mmoja peke yake, hesabu inavurugika. Mimi hapo ndipo ningeanzia, kabla hata ya kusoma cheti.

#11 Rwizi_Pt100
Asanteni sana wote. Najibu kwa mpangilio:

Cheti hakisemi kina cha kuzamisha. Kinasema tu "kwa kulinganisha na kipimajoto rejea", na shaka ya kipimo ni 0.3 juu na chini.
Sensa ilisafiri kwa basi ndiyo, lakini niliibeba mwenyewe, kwenye begi la mgongoni, imefungwa kwa taulo.
Terminali nimezifungua leo asubuhi. Mbili safi, moja ina rangi ya kijani kidogo. Nimesugua, nikakaza. Skrini imeshuka kwa 0.2. Si 1.6.

Nikarudi nikachora mstari wa Mezaya kwa rula. Kweli unakata karibu 23. Nilikaa nao mezani nikiutazama hadi mke wangu akaniuliza kama nimepokea barua ya kufukuzwa kazi.

#12 Mzee_Themokapo
Vijana salamu. Nimestaafu, lakini uzi huu umeniamsha. Nilikaa miaka mingi kwenye kiwanda kimoja cha saruji, na nitasema wazi msimamo wangu: sensa ya kiwandani isitolewe mahali pake kwenda maabara. Maabara iende kwa sensa.

Kule kwenye mnara wa kupashia unga wa mawe, gesi inayotoka kwenye tanuri inafika nyuzi 850 hivi, na ndani ya tanuri lenyewe mawe yanaiva karibu 1,450. Kwenye mnara tulitumia themokapo za aina K, yaani sensa za waya mbili za metali tofauti zinazotoa volti kidogo kwa joto. Siku moja zikaja lawama kwamba moja inasoma chini. Tukaitoa, ikapelekwa maabara, ikarudi na cheti kizuri kabisa. Tukaichomeka, ikasoma chini vilevile, zaidi ya nyuzi kumi. Ikapelekwa tena. Nzuri tena! Meneja akaanza kutuangalia sisi mafundi.

Sababu niliielewa baadaye. Themokapo haitengenezi volti kwenye ncha. Watu wengi wanaamini hivyo. Volti inazaliwa kando ya waya, pale joto linapopanda au kushuka. Waya uliokaa miezi ndani ya ukuta wa mnara umebadilika sehemu ile iliyokuwa inapita kwenye joto kali: kromia imeliwa, aloi si ileile tena. Kule mnarani, joto lilikuwa linapanda hapohapo penye ugonjwa. Maabara waliizamisha kina kingine, joto likawa linapanda kwenye waya mzima usio na ugonjwa. Wao walipima waya mwingine, sisi tulikuwa tunatumia mwingine, ingawa ni themokapo ileile moja.

Tangu hapo tulitoboa tundu la pili kando ya kila themokapo muhimu, tukawa tunachomeka mpya iliyopimwa, tunasoma zote mbili papo hapo, moto ukiwaka. Mleta uzi amefanya kama sisi. Mimi naamini cha mkononi.

#13 MezaYaMaabara
Mzee, shikamoo. Kwa themokapo iliyotumika nakubaliana nawe kwa kila neno, na ningependa kila meneja wa kiwanda asome post yako. Lakini Pt100 si themokapo. Yenyewe inapima kwa ukinzani wa elementi iliyo kwenye ncha, haijali sana waya umepita wapi. Pt100 ikizamishwa vizuri kwenye bafu la mafuta linalokorogwa, maabara inakupa jibu ambalo kiwandani huwezi kulipata: joto tulivu, linalolingana pande zote, na kipimajoto rejea ambacho mnyororo wake unapanda hadi kwenye maabara ya taifa ya UNBS (shirika la viwango la Uganda) pale Bweyogerere au ya nchi nyingine, na kutoka hapo hadi kwenye nukta zilizowekwa na skeli ya kimataifa ya joto ya mwaka 1990: nukta utatu ya maji (barafu, maji na mvuke pamoja) 0.01, kuyeyuka kwa gali 29.7646, kuganda kwa bati 231.928. Kiwandani una maziwa yanayokimbia, pampu inayotetemeka na dakika kumi kabla ya zamu kubadilika.

Ninacholaumu mimi ni sensa fupi kutiwa kwenye tofali refu.

#14 Mzee_Themokapo
Marahaba mwanangu. Na bafu hilo la mafuta, lina kina cha kutosha kwa sensa ya milimita 40 yenye sahani pana juu?

#15 MezaYaMaabara
Lina, ukijaza mafuta hadi ukingoni na sahani ikagusa mafuta. Kazi ni kusafisha baadaye, maana sensa ya chakula haitakiwi kurudi na mafuta ya silikoni. Wengi wanalikwepa kwa hilo. Nakiri sisi pia tuliwahi kulikwepa.

#16 Kagera_Mutukula
Habari za huko majirani. Nawafuatilia kutoka Bukoba. Swali la lugha tu: mbona mnasema mara "kupima" mara "kulinganisha"? Sisi Tanzania kazi hii ya kuhakiki vipimo inaitwa ugezi, hata TBS, shirika letu la viwango, wana maabara ya ugezi. Na sensa kwetu ni kuhesabu watu! Tunasema kihisi joto.

#17 Malaba_Mpakani
Kagera, ugezi neno zuri, nalichukua. Ila kihisi joto ukikitamka karakana ya huku, kijana atakuletea pasi. Sensa wanaielewa wote, kutoka Malaba hadi Kasese.

#18 ChaiYaToro
Nami nimelipenda ugezi. Serikali yetu iliamua mwaka 2022 Kiswahili kifundishwe mashuleni, basi na maneno ya karakana yaje pamoja nacho. Turudi kwa maziwa.

#19 BaridiKali
Mimi natunza majokofu ya chanjo, kazi yangu ni kati ya nyuzi 2 na 8, joto lenu silijui. Lakini kuna kitu hakijaulizwa. Wote mmehukumu sensa ya mtambo. Je, cha mkononi? Mleta uzi, kipimajoto chako kina unene gani, na hicho kitundu kina upana gani?

Nauliza kwa sababu niliwahi kulitangaza jokofu zima kwamba ni bovu, chanjo zikahamishwa usiku kwa pikipiki, kumbe kipimajoto changu kilikuwa kimelegea ndani ya tundu la mpira, nusu kinapima jokofu, nusu kinapima korido. Jokofu lilikuwa zima. Sijasahau.

#20 Rwizi_Pt100
Swali lako limenipiga. Cha mkononi ni milimita 3. Kitundu ni mfuko wa chuma wa milimita 6 kwa ndani, kina chake 40. Hakuna grisi wala kitu chochote humo, ni hewa.

#21 BaridiKali
Basi una hewa ya milimita moja na nusu kila upande. Fimbo yako inavuja joto kama vile Mezaya alivyosema sensa inavyovuja kwenye tofali. Hiyo 70.4 inaweza kuwa 71.5 halisi au 72 kamili.

#22 DadaVipimo
Hapo BaridiKali umenifanya nisimame. Tumeona maelezo mawili yanayotoa namba ileile. La kwanza: sensa ilikuwa nzima, transmita ikaongezewa bure, skrini inazidi. La pili: sensa ilikuwa na kosa kweli, imerekebishwa, skrini iko sawa, na cha mkononi kinasoma chini kwa sababu ya hewa ndani ya mfuko. Yote mawili yanasema skrini juu, cha mkononi chini, tofauti nyuzi moja na nusu. Kwa namba hizi peke yake hatuwezi kuyatenganisha.

Jaza mfuko huo kwa mafuta ya kula au grisi ya kupitisha joto, rudia. Ukipanda kutoka 70.4 hadi 71 na zaidi, umejua sehemu ya ugonjwa.

#23 FundiBoila
Na cheti kimebakiza muda gani? Kikiisha mwaka wake kinakuwa batili, labda hapo ndipo kosa.

#24 MezaYaMaabara
#23 cheti cha ugezi (nimeshaanza kulitumia, asante Kagera) hakina mwaka wake. ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo, kinakataza maabara kuandika pendekezo la tarehe ya kupima tena, isipokuwa imekubaliana na mteja. Muda unaupanga wewe mwenye mtambo, kwa kuangalia sensa yako inahama kiasi gani kati ya kipimo na kipimo. Kuna sensa inafaa ikaguliwe kila miezi mitatu, na kuna ya kukaa miaka miwili.

Na wote mnaopeleka sensa, ombeni namba za kabla ya kurekebisha na za baada. Waandikieni kina cha kuzamisha mnachotaka. Maabara nzuri itakujibu, na ikishindwa itakuambia imeshindwa.

#25 DadaVipimo
Kwa kuwa Mzee amefungua mlango wa themokapo, niseme hili kwa manufaa ya wengine. Kwenye boila ya kuchoma mabaki ya miwa, nilikuta themokapo inasoma chini kwa nyuzi kama 60. Ugezi wa sensa mzuri, kadi ya kusomea kwenye paneli nzuri. Mtu alikuwa amegeuza kebo ya nyongeza, ile inayounganisha themokapo na paneli, pande zote mbili, kichwani na kwenye paneli, kwa hiyo mshale ulikuwa unapanda kama kawaida na hakuna aliyeshtuka. Kichwa kilikuwa na nyuzi 60, paneli 30. Ukigeuza pande zote mbili unapoteza tofauti hiyo mara mbili: 30 mara 2. Chanzo kilikuwa rangi. Kebo ya K ya Ulaya ni kijani chanya na nyeupe hasi. Ya Marekani ni njano chanya na NYEKUNDU HASI. Fundi wa umeme akiona nyekundu, mkono unakwenda kwenye chanya wenyewe.

#26 Mzee_Themokapo
Binti, hiyo nyekundu imewahi kunikosesha chakula cha Krismasi.

#27 Nabbosa_Maziwa
Nyote mnazungumza omu na nyuzi, mimi nipo upande wa maabara ya maziwa yenyewe. Ssebo mleta uzi, maziwa ya wiki zile mlipima fosfatesi? Ni kimeng'enya kilichomo kwenye maziwa mabichi, na kinakufa kwenye joto la pasturaiza kikamilifu. Kikionekana bado kiko hai, maziwa hayakuiva, au yamechanganyika na mabichi. Hakikupi nyuzi ngapi, lakini kinakujibu swali linalokunyima usingizi. Kama mna sampuli zilizohifadhiwa, anzeni hapo leo, ugezi kesho.

#28 Rwizi_Pt100
Asante sana nnyabo. Nimezungumza na mwenzako wa hapa kwetu. Fosfatesi ilipimwa kila bechi na zote zilitoka hasi. Nimeketi chini dakika nzima baada ya kusikia hivyo. Seti ya 75 naiacha hadi tujue, ingawa mpishi wa mtambo ananung'unika kwamba maziwa yanaganda kwenye sahani za kupashia na kuosha kunachukua muda zaidi.

#29 FundiBoila
Sasa fosfatesi ikiwa hasi, si ndiyo ushahidi kwamba skrini iko sawa?

#30 Nabbosa_Maziwa
Hapana. Bomba la kushikilia likiwa refu kidogo kuliko hesabu, maziwa yanakaa zaidi ya sekunde 15, na 70 na kitu inaweza kutosha kukiua. Inatuliza moyo, haipimi joto.

#31 Rwizi_Pt100
Ripoti ya Jumapili, mtambo ukiwa umezimwa.

Kwanza mfuko. Jumamosi, kabla ya kuzima, niliujaza mafuta ya alizeti. Cha mkononi kikapanda, kikaikaribia skrini. Tofauti imebaki 0.9. Kwa hiyo hewa ilikuwa inakula karibu nusu nyuzi, na ile 0.2 ya terminali ndiyo nyingine.

Pili barafu. Nilisaga barafu ya maji yaliyotoneshwa, nikaipakia kwenye flaski ya chai hadi ikajaa, nikamwaga maji yaliyozidi, maana ikielea juu, chini unapata maji ya nyuzi nne. Nikaitoa sensa kwenye bomba, nikaitenga na transmita, nikazamisha hadi sahani iguse barafu. Nusu saa. Multimita ilisoma omu 100.25, baada ya kutoa ukinzani wa waya. Hiyo ni juu ya sifuri kwa nyuzi 0.6.

Mezaya, mstari wako ulisema kwenye sifuri sensa itasoma juu kwa 0.7. Nimepata 0.6!

#32 Malaba_Mpakani
Mezaya ameshinda. Au ni sensa iliyopata mkazo njiani, maana nayo ingesoma juu kwenye barafu. Sifungi mdomo.

#33 MezaYaMaabara
Ningependa kushinda lakini siwezi kuipokea namba hiyo. Sababu mbili.

Barafu yenye maji inashika ncha vizuri kuliko tofali kavu. Uvujaji kwenye flaski ulitakiwa uwe mdogo kuliko mstari wangu, tuseme 0.1 au 0.2. Kupata 0.6 ni kingi mno kwa hoja yangu mwenyewe.

Na multimita ya mkononi. Tazama kitabu chake. Nyingi zinaahidi asilimia 0.2 ya usomaji pamoja na tarakimu kadhaa za mwisho. Kwenye omu 100 hiyo ni omu 0.2 na zaidi, yaani nusu nyuzi na zaidi. Omu zako 100.25 zinaweza kuwa 100.00 kamili, na zinaweza kuwa 100.5. Ugezi wa Pt100 unataka mita ya benchi yenye waya nne, mkondo wa miliampea moja.

#34 Mzee_Themokapo
Ndiyo maana nilisema maabara iende kwa sensa. Mwanangu Mezaya, una mita hiyo ya benchi. Una flaski kubwa. Kuna basi la Mbarara kila asubuhi.

#35 MezaYaMaabara
Mzee umenifunga. Alhamisi nina kazi Masaka, naweza kusogea hadi Mbarara jioni. Rwizi, nitakuja na mita na kipimajoto rejea kirefu. Tutatumia maji ya moto yanayozunguka kwenye mtambo wenu badala ya maziwa, sensa ikiwa bombani kama ilivyo, na rejea tutaiingiza mwisho wa kiwiko cha bomba ikitazama mkondo ili izame kina cha kutosha. Usiguse transmita kabla sijafika. Hiyo 1.5 iache humo humo.

#36 Rwizi_Pt100
Nimeibandikia karatasi: ISIGUSWE. Karibu sana, utalala kwangu. Maziwa yapo.

#37 BaridiKali
Alhamisi nipo Mbarara kwenye majokofu ya chanjo. Naweza kuja kutazama? Nitaleta barafu.